Kura za Watani

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana wa mtaani kwangu hunifuata niwasimulie jinsi mambo yalivyokuwa enzi za Mwingereza. Wananiona mtu mzima mwenye miwani, wanadhani nina mengi ya kusema. Huwa nawaambia kwamba uchaguzi wa enzi zile niliushiriki mmoja tu, wa baraza la kata yetu huko Temeke, na kwamba niliuharibu. Wanacheka. Wanadhani najishusha kama wazee wanavyojishusha.

Wakati huo, miaka ya hamsini, nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu huko Uganda na suruali mbili za flaneli, sanduku la vitabu, na maoni juu ya kila kitu. Nilipata kazi ya kufundisha shule ya kati. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, nikahamia kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mjane. Mumewe, fundi wa reli, ndiye aliyemleta Dar es Salaam kutoka kwetu Tabora, kisha akafa kabla hawajapata pa kuishi pao wenyewe. Nyumba aliijenga yeye shangazi, peke yake, vyumba vitatu vya miti na udongo, sakafu ya saruji, paa la madebe yaliyokunjuliwa. Kila debe lilikuwa na asili yake, naye aliweza kukuambia hili lilikuwa la mafuta ya taa ya nani na lile lilitoka duka gani. Asubuhi aliuza uji sokoni. Jioni alikaa barazani akiitazama nyumba yake kwa nje, kama mtu anayemtazama mwanawe aliyefaulu mtihani.

Shida ilikuwa maji. Kisima chetu kilikuwa bondeni, ng'ambo ya mashamba ya mihogo. Kushuka kulikuwa rahisi. Kurudi ulipanda mteremko wa mchanga mtupu, unaokurudisha nusu hatua kwa kila hatua, na debe limejaa kichwani. Na maji yenyewe yalikuwa ya chumvichumvi, sabuni ilikataa kutoa povu. Wauza maji wenye mizega, wale wanaobeba madebe mawili kwenye mti begani, hawakuja upande wetu. Mchanga uliwazamisha, na kule barabarani walikuwa na wateja wa kutosha.

Goti la kulia la shangazi lilianza kuvimba mwaka niliofika. Yalikuwapo maji ya uji, ya kupikia, ya kufulia, na tangu nilipohamia yakaongezeka ya kuogea mtu aliyesoma, aliyezoea kuoga asubuhi na jioni. Sikuwahi kujiuliza ndoo yangu ya maji ilifikaje uani. Niliikuta pale. Mwanamume kwenda kisimani na debe ilikuwa ni ama kazi yake ya kula, kama wale wa mizega, ama kichekesho. Mie nilikuwa mwalimu.

Jirani yetu mmoja, Mzaramo wa pale pale, alikuwa dresa mstaafu, mtu aliyefunga vidonda hospitalini maisha yake yote. Siku moja alilishika lile goti, akalibonyeza huku na huku, akatikisa kichwa.

"Mama, hili goti ukiendelea kupanda nalo ule mchanga, mwakani utatambaa."

"Nipe dawa basi. Au hospitali walikufukuza kabla hujafika kwenye somo la magoti?"

"Dawa ya goti hili si ya chupa. Ni bomba. Mfereji mkubwa umepita hapo juu, si mbali. Likiwekwa bomba hapa kona, mbele ya mlango wako, utapona."

"Mzaramo na ahadi! Ungekuwa umesema ngoma, ningekuamini."

Hapa lazima nieleze, kwa wasomaji ambao hawakukulia kwenye mambo haya. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Mtani hukutukana apendavyo, huingia jikoni kwako akafunua chungu, na hamruhusiwi kukasirika, wewe wala yeye. Kwenye mambo mazito ndipo anapokuwa na kazi. Alipokufa mama yake yule dresa, shangazi aliketi chini katikati ya njia ya makaburini, mbele ya jeneza, akasema haondoki na maiti haipiti mpaka akombolewe. Dresa, machozi yakimtoka, alimrushia leso. Shangazi akainuka, msiba ukaendelea. Baadaye aliniambia pale ndipo dresa alipopata nguvu ya kutembea.

Baba mkubwa, kaka yake shangazi, alikuwa amesikia habari za goti huko Tabora. Akaandika barua. Shangazi hakujua kusoma, nikamsomea. Ilisema: uza nyumba, urudi nyumbani, huku kisima kiko nyuma ya jiko.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Mwandikie kwamba nimesikia."

"Nimwambie utakwenda?"

"Si nimekwambia mwandikie nimesikia?"

Barua ikaingia chini ya mkeka, na nikajua, hata mie na ubutu wangu, kwamba mambo yamefika pale. Maji yakija, atabaki nyumbani kwake. Yasipokuja, goti litamrudisha Tabora, akaishi chumba cha nyuma kwa wifi yake, yeye aliyejua asili ya kila debe la paa lake.

Ndipo likaja hilo baraza la kata. Bwana Shauri, yule afisa Mwingereza wa wilaya, alitangaza kwamba wenye nyumba na walipa kodi wachague mjumbe wao. Shangazi alikuwa mwenye nyumba, kwa hiyo alikuwa na kura, jambo lililowashangaza wanaume kadhaa. Karani wa Bwana Shauri alitueleza wazi, asije akalaumiwa baadaye: mwaka ule kata yetu ingepewa jambo moja tu. Ama bomba, ama taa za barabarani. Mjumbe atakayechaguliwa ndiye atakayesema lipi lianze.

Walijitokeza wawili. Dresa alisimamia maji. Mwenzake alikuwa tajiri wa kwetu, mwenye nyumba nyingi za kupangisha kando ya barabara na kisima chake mwenyewe uani, chenye pampu ya mkono. Yeye alisimamia taa. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, hadithi ingekwenda vizuri zaidi, lakini hakuwa. Hoja zake zilikuwa na maana. Wezi walikuwa wengi, nyoka hawakosekani, na wakunga walikuwa wakijikwaa gizani. "Maji mnayo," alikuwa akisema, "ni mbali tu. Lakini mwanga hamna hata wa mbali. Na mwizi haibi maji."

Dresa alikuja kuniomba nimwandikie maneno ya kusema mkutanoni. Nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye. Nilifunga mlango siku tatu, nikatoka na kurasa tatu zenye vifungu kumi na vinne, kuanzia upatikanaji wa maji safi hadi uondoaji wa takataka na usimamizi wa vyoo vya ndoo, na kifungu kizima juu ya wajibu wa raia kwa mabomba ya umma ambayo hayakuwapo. Jioni nilimsomea shangazi uani. Alikuwa akinipimia maji ya kuoga, kata moja ya moto, mbili za baridi.

"Hayo yote ni maji?" aliuliza.

"Maji ni kifungu cha kwanza."

"Na cha pili?"

"Cha pili ni maji yaliyokwisha kutumika. Yaelekezwe wapi."

"Mwambie aseme maji, halafu akae chini." Akanisogezea ndoo. "Kaoge, yanapoa."

Dresa alisoma kifungu cha kwanza mkutanoni, akavua miwani, akaikunja karatasi yangu mara nne na kuitia mfukoni. Akasema, "Ndugu zangu, bomba litakuwa pale kona, mbele ya nyumba ya yule Mnyamwezi mkorofi mnayemjua. Nimemaliza." Walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Shangazi akapaza sauti kutoka nyuma: "Usinitumie mie kufanyia kampeni, unatumia nyumba yangu bila ruhusa!" Wakacheka tena. Kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye macho, uchaguzi ulikwisha siku ile.

Nami nikapata kazi nyingine. Karani aliniletea kanuni za upigaji kura, kwa Kiingereza, nizifasiri ili zisomwe kwa wananchi. Zilikuwa nane. Ya sita ilisema kwamba siku ya kura mgombea asimpe mpiga kura kitu chochote. Ya saba ilisema kwamba filimbi ikishalia, asitoke mtu kwenye mstari aliosimama. Nilizifasiri kwa mapenzi. Kwenye ile ya sita, baada ya "kitu chochote," niliongeza "hata kama ni kidogo kiasi gani." Kwa Kiingereza maneno hayo hayakuwamo. Niliyaweka kwa sababu sentensi ilikatika mapema mno sikioni mwangu, na nilitaka imalizike vizuri. Ndivyo nilivyokuwa. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na bado sina hakika kama nimeacha.

Kura zilipigwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa mpira wa shule yetu. Wagombea walisimama mbele, kila mmoja upande wake, na watu wakapanga mstari nyuma ya wamtakaye. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Bwana Shauri, kijana wa rika langu mwenye magoti mekundu, alikaa kwenye kiti kivulini. Mie nilisimama karibu na wagombea, na karatasi ya kanuni mkononi, maana karani alikuwa ameniomba nimsaidie likitokea swali. Nilikuwa nikiomba litokee.

Shangazi alifika mapema na fimbo yake, akashika nafasi ya mbele kabisa katika mstari wa dresa. Nyuma yake walijipanga Wanyamwezi wenzetu wa mtaani, kama kumi na wawili hivi. Mstari wa dresa ulikuwa mrefu kuliko wa tajiri, si kwa mbali sana, lakini ulionekana. Dresa aliutazama, akautazama wa mwenzake, na nafsi yake ikatulia. Mtu akitulia ndipo anapokumbuka utani.

"Maajabu!" alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Leo Wanyamwezi wamepanga mstari bila mizigo kichwani!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Shangazi alisubiri kipungue. Kisha akawageukia wenzake.

"Jamani, mmesikia? Mtumwa wa ngoma anatutukana siku yake ya kuoa. Haya, nifuateni."

Akachechemea na fimbo yake mpaka upande wa pili, wale kumi na wawili nyuma yake wakiimba wimbo wa safari, akasimama mwisho wa mstari wa tajiri. Tajiri mwenyewe alikuwa hoi kwa kucheka. Yeye hakuwa Mzaramo, alitoka pande za kusini, lakini mambo ya watani aliyajua, kila mtu aliyajua. Hapakuwa na mtu pale, isipokuwa mmoja kivulini, aliyedhani tunaona kitu kingine tofauti na kile cha makaburini. Watani wamezuia njia. Watakombolewa, watarudi.

"Tukomboe!" alipiga kelele shangazi. "Haturudi bure!"

"Rudini, nitawakomboa jioni!"

"Jioni utakuwa mheshimiwa, hutatujua! Tukomboe sasa hivi. Mie sina shida, hapa penyewe pana kivuli."

Dresa akaingiza mkono mfukoni. Nilimwona akitoa senti kumi, ile ya tundu katikati. Akapiga hatua moja, kisha akasimama. Alikuwa mtu mwangalifu, miaka thelathini ya hospitali haikwenda bure. Akanigeukia.

"Mwalimu. Na hii nayo ndiyo kumpa mpiga kura kitu?"

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kutazama pembeni, ningeweza kukohoa. Karani alikuwa mbali, akigombana na wavulana waliopanda juu ya goli. Bwana Shauri alikuwa akifuta kofia yake. Nami nilikuwa na karatasi mkononi, swali limekuja, na jibu nilikuwa nalo.

"Kanuni ya sita inakataza," nilisema. "Kitu chochote. Hata kama ni kidogo kiasi gani."

"Hata leso?"

"Hata leso."

Shangazi alinisikia kutoka kule. "Wee mtoto, hebu nyamaza! Haya si ya vitabuni!"

"Shangazi, ni sheria, inawalinda nyinyi wenyewe." Nikaanza kueleza, kwa sauti ya darasani, tofauti kati ya zawadi na hongo, na kwa nini sheria haiwezi kuangalia nia ya mtu ila kitendo chake. Watu wa mistari yote miwili walinisikiliza kwa adabu. Dresa alibaki amesimama na senti yake kiganjani, hawezi kuitoa, hawezi kuirudisha mfukoni maana hilo lingekuwa tusi kwa watani. Na watani wasingeweza kurudi mikono mitupu. Mtani akizuia njia kisha akajiondokea mwenyewe, amemtakia mwenye shughuli mkosi. Shangazi hangemtakia mkosi dresa siku kama ile. Akasimama imara, akimngojea apate akili ya kuikwepa sheria yangu.

Nadhani angeipata. Alikuwa ameanza kuvua kofia yake, labda aidondoshe chini kama kwa bahati mbaya, shangazi aiokote. Filimbi ikalia.

Bwana Shauri alikuwa ametazama saa yake, akaona wakati umefika, basi. Matarishi wake wakanyoosha fimbo zao pande zote za mistari. Kanuni ya saba.

Kwanza watu walicheka. Kisha mmoja wa wale Wanyamwezi akajaribu kuvuka, tarishi akamrudisha. Kicheko kikapungua, kikawa manung'uniko, na mie nikakimbia kivulini kwenda kueleza. Kiingereza changu kilikuwa kizuri, nilikuwa nimekipatia tuzo. Nilieleza misafara, nikaeleza mazishi, nikaeleza leso. Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini.

"Je, kuna mtu aliyewalazimisha kusimama pale?"

"Hapana, bwana."

"Kuna chochote walichoahidiwa au kupewa na yule mgombea?"

"Hapana. Na hiyo ndiyo taabu yenyewe."

Alinitazama kama mtu anayeangalia dalili za malaria. "Basi naona mambo yamekwenda vizuri sana," alisema, akanishukuru kwa kanuni zilizofasiriwa.

Wakahesabu. Dresa alishindwa kwa watu tisa. Kila mtu uwanjani aliweza kutoa kumi na watatu huku na kuwaongeza kule, shangazi na wenzake, na kila mtu alifanya hivyo kimya kimya, midomo ikicheza.

Tulirudi nyumbani. Mchana ule ule dresa alikuja, akasimama mlangoni, akatoa leso iliyokunjwa vizuri.

"Nimekuja kuwakomboa."

"Umechelewa, Mzaramo."

"Mwanao ndiye aliyenichelewesha."

Shangazi akaipokea ile leso, akajifunga kichwani, akamkaribisha uji. Wakakaa wakitaniana mpaka alasiri, maneno yale yale ya siku zote, na sauti zao zilikuwa za kawaida kabisa. Hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kukasirika. Nilikaa chumbani nikisubiri mmoja wao anitukane tusi la kweli, la kuuma, nisingoje tena. Halikuja. Nilichoka kuliko siku zote nilizowahi kufanya kazi.

Wiki chache baadaye shangazi alijikongoja mpaka kwa mjumbe mpya kumwomba bomba. Tajiri alimpokea vizuri mno. Alimtengea kiti, akaagiza kahawa.

"Mama, wewe nikusahau vipi? Uliacha mstari wa jirani yako, mbele za watu, ukaja kwangu. Watu wote walikuona. Bomba lako liko moyoni mwangu. Mwakani."

"Alisema hivyo kwa kejeli?" nilimuuliza shangazi.

"Hapana. Anaamini. Kura ameshazila, sasa anaamini zilikuwa zake." Akalinyoosha goti lake kwa mikono miwili. "Ningekuwa yeye, ningeamini."

Taa zikaja, kama alivyoahidi, mkweli alikuwa. Zilipangwa kando ya barabara, mbele ya nyumba zake za kupangisha, na wakunga wakaacha kujikwaa. Kwetu ule mwanga haukufika.

Msimu wa mvua za masika, mteremko ukiwa umelowa, shangazi alianguka na debe. Alipanda kwa kitako, akijivuta, akarudi nalo nusu. Nilimkuta uani akinipimia maji ya kuoga kutoka kwenye hiyo nusu.

Kesho yake nilinunua mti wa mzega, nikaazima madebe mawili, nikashuka bondeni kabla ya kwenda shuleni. Siku ya kwanza nilifika nyumbani na maji ya kunawa uso, mengine yote yaliishia kwenye suruali yangu ya flaneli. Wanawake wa kisimani walikaa chini kwa kucheka. Mmoja wao, mama mnene aliyenihurumia, alichuma majani mapana akayatandaza juu ya maji katika kila debe.

"Yakitikisika, jani linayashika. Hukusomeshwa hilo, mwalimu?"

"Hapana, mama."

"Miaka yote hiyo!"

Njiani nilikutana na dresa. Akasimama pembeni ya njia, akavua kofia.

"Naam! Mnyamwezi amekumbuka kazi ya babu yake."

Nilicheka kwa kuwa ndiyo haki yake, na kwa kuwa begani nilihisi moto.

Nilibeba maji miezi minane. Wanafunzi wangu walinipa jina, nami nikawapa mazoezi ya hesabu ya matangi na mabomba, tukawa sawa. Bega lilichubuka, likapona, likawa sugu. Niliacha kuoga jioni. Goti la shangazi lilipungua uvimbe, akaanza tena kutembea mpaka sokoni bila fimbo, na barua iliyofuata ya baba mkubwa ilijibiwa tena kwamba imesikiwa. Kunishukuru hakunishukuru. Alionja maji, akasema leo nimechota juujuu, yana takataka, kesho niteremshe debe chini zaidi. Nadhani ilikuwa miezi pekee ya ujana wangu niliyofanya kitu chenye faida kwa mtu, na niliifanya kwa manung'uniko, nikihesabu siku.

Kisha serikali ikaniandikia. Nimeteuliwa mwalimu mkuu wa shule moja huko Lindi. Nilijibu siku ile ile, kutoka ofisini, kwa wino mweusi, kwamba nimekubali. Jioni ndipo nilipomwambia shangazi.

Alikuwa akipepeta unga. Hakuacha.

"Nyumba watakupa?"

"Watanipa."

"Ina bomba?"

"Lipo. Uani."

"Vizuri," alisema. Akapepeta kidogo tena. "Basi sasa mwandikie kaka yangu kwamba nakuja."

Nikamwambia naweza kuomba nibaki. Nikamwambia pengine mwakani, mjumbe ameahidi. Nikamwambia tunaweza kutafuta mtu wa mzega, tumbembeleze akubali kuja kwenye mchanga. Aliniacha niseme yote hayo, vifungu vyote. Barua ya Lindi ilikuwa imekwisha kwenda, na yeye alijua, maana alikuwa amenitazama mkononi akaona wino. Tangu hapo nimejitungia sababu nyingi nzuri za kuondoka kwangu, nyingine zimetungwa vizuri kweli. Sitazirudia hapa.

Nyumba aliichukua dereva mmoja wa lori, Mmakonde kutoka Newala, aliyekuwa na mke kijana mwenye shingo ya kubebea debe. Shangazi aliwatembeza paa zima kwa kidole, debe baada ya debe. Bomba nalo nasikia lilikuja baadaye, miaka kadhaa, enzi za mjumbe mwingine kabisa. Nilipita siku moja nikaliona pale kona, mbele ya mlango, kama alivyosema dresa. Lilikuwa kavu, na mbele yake madebe yamepangwa foleni, wenyewe wamekwenda kungojea kivulini.

Asubuhi ya kuondoka kwake niliteka mizega miwili badala ya mmoja. Mizigo yake ilikuwa tayari barazani, na treni ya Tabora ilikuwa inaondoka mchana. Nilidhani anataka maji ya safari. Akayamimina kwenye sakafu, chumba baada ya chumba, akapiga magoti, hata lile, akaanza kusugua kwa kitambaa.

"Shangazi, acha. Wenyewe watafagia."

"Mgeni asije akakuta vumbi langu."

"Na ya kunywa je? Safari ni ndefu."

"Nitakunywa huko kwenye treni." Akanionyesha kidole kwenye kona ya chumba nilichokuwa nikilala. "Lete debe lile lililobaki. Hapo kwako ndipo pachafu zaidi."